Bukari ya Manjano

Nilianika vidonge juani kama ndagala, dagaa wa ziwa letu. Niseme mapema bila kuzunguka, maana mtaa mzima ulijua, na wako ambao mpaka leo wakinikuta sokoni wananiuliza kama nilivitia chumvi. Ilikuwa miaka ya Zaire, wanaume wakivaa abakosti, na Jumamosi asubuhi sisi sote tukitoka na majembe kwa ajili ya salongo, kufyeka majani na kuzibua mitaro. Mimi nilikuwa muuguzi mwenye diploma ya sekondari, mpya kama sufuria ambayo haijaona moshi, katika dispansari ndogo ya Kalemie, si mbali na ziwa.

Mvua ya mwaka ule haikuwa na huruma. Kabati la dawa lilikuwa la mbao, limeegemea ukuta unaotoka jasho, na siku moja nilipofungua makopo mawili makubwa nilikuta vidonge vimeanza kushikana. Kopo moja lilikuwa la aspirini, la pili la kwinini. Sasa niambie, mtu aliyekulia kando ya Ziwa Tanganyika akiona kitu kimelowa na hataki kioze, anafanya nini? Anaanika. Mama yangu alianika, bibi yangu alianika, na mimi na diploma yangu nikatandika magazeti mawili juu ya bati nyuma ya dispansari, nikamwaga aspirini hapa, kwinini pale, nikavisawazisha kwa kiganja visipandane, nikarudi ndani kunywa chai. Hata nilijisifu kidogo. Nilisahau jambo ambalo mbuzi wa Kalemie wanalijua, kwamba saa sita upepo wa ziwa unaamka.

Nilipotoka, magazeti yalikuwa yamefunikana kama wagonjwa wawili katika kitanda kimoja. Vidonge vyote vyeupe, vyote duara, vyote vimechanganyika, na kuku wawili wa mlinzi walikwisha kuanza matibabu.

Mwenye akili angekwenda kuungama. Mimi nilikaa chini, nikaanza kuvitenganisha kwa ulimi. Kwinini ni chungu, niliwaza, aspirini ina uchachu, kazi rahisi. Nilikuwa nimefika kama kidonge cha ishirini aliponikuta Papa Tituleri. Hivyo ndivyo tulivyomwita muuguzi mkuu wa dispansari, mtu mrefu, abakosti yake imepigwa pasi hata siku ya salongo.

"Mama," akasema polepole, "njaa inakusumbua?"

"Hapana, Papa. Ninapanga dawa."

"Unapanga dawa na ulimi."

"Kwinini ni chungu, Papa."

"Na masikio? Hayajaanza kupiga kengele?"

Yalikuwa yameanza. Nilisikia kengele za misa wakati haikuwa siku ya misa. Papa Tituleri akakunja magazeti yote mawili, akayapeleka mpaka chooni, akamwaga kila kitu shimoni. Nilitaka kulia, kwa sababu makopo mengine yangetoka Lubumbashi kwa treni, na treni ya siku zile ilikuja ilipojisikia.

"Kidonge ambacho hujui ni kidonge gani, utampa nani?" akaniuliza. "Mimi? Mama yako? Kuanzia leo usiguse dawa. Kabati likifunguliwa, wewe angalia dirishani. Utahesabu mapigo ya moyo."

"Ya nani, Papa?"

"Ya kila mtu aliye na mkono."

Ndiyo hukumu niliyopewa. Wenzangu waligawa vidonge, walipiga sindano, walivaa sura ya kazi. Mimi nilishika vifundo vya mikono na kutazama saa. Hata saa haikuwa yangu. Ilikuwa ya mume wangu, yenye mshale mwembamba wa sekunde, naye alikwenda kazini bandarini mkono mtupu, akiwauliza wapita njia ni saa ngapi.

Halafu Papa Tituleri akaniongezea. Bibi kizee mmoja aliyekuwa akinywa dawa ya moyo aliishi nyuma ya nyumba yangu, tukitenganishwa na ua wa matete tu. Alizaliwa Mpala, akalelewa kwenye misheni ya kule, akaja Kalemie kukaa kwa binti yake. Wote tulimwita Nkambo, kama tunavyowaita wazee wetu. Binti yake, jirani yangu, aliuza samaki wa mikebuka karibu na bandari na alikuwa na sauti inayovuka ziwa.

"Wewe si unapenda kukaa nyumbani?" akasema Papa Tituleri. "Basi kila asubuhi, kabla Nkambo hajameza kidonge chake, vuka ua, hesabu mapigo dakika nzima, andika. Yakishuka chini ya sitini, hamezi. Unakuja kwangu mbio."

Ni kweli, mimi ni mtu wa nyumbani. Nikiwa na kiti, chai na mlango wa kuchungulia, dunia imetimia. Mume wangu alizoea kusema kwamba kama angekuwa kijana wa Kabimba, kule mbele mwambaoni, angefunga ndoa peke yake, maana mimi nisingepanda mtumbwi kwenda harusini. Kwa hiyo adhabu hii niliiona kama bahati, nikaficha furaha.

Dawa ya Nkambo iliitwa digoksini. Kidonge cheupe, kidogo kuliko punje ya mahindi. Kinaushika moyo uliochoka na kuufundisha tena kupiga kwa nguvu na bila haraka. Kabla ya kidonge kile Nkambo alikuwa amevimba miguu na analala amekaa. Baada ya miezi miwili alikuwa anatembea mpaka kanisani na kurudi na habari za watu. Lakini dawa hiyo haina mchezo. Ikizidi kidogo tu, inautuliza moyo mpaka moyo unataka kupumzika kabisa.

Nikanunua daftari la shule. Kila asubuhi nilipita kwenye tundu la ua, nikashika mkono wake mkavu. Sabini na mbili. Sabini na moja. Sabini na nne, siku aliyogombana na binti yake. Nkambo hakupenda ukimya wa ile dakika.

"Unahesabu nini kila siku?" akaniuliza. "Moyo ni uleule."

"Nyamaza kwanza, Nkambo, umenipoteza."

"Ukipotea anza tena. Una kazi gani nyingine? Nasikia kule dispansari unaangalia dirishani."

Wiki ya tatu hesabu ikaanza kushuka. Sitini na sita. Sitini na tatu. Bado juu ya sitini, nikajiambia, nikaandika. Kisha ikaja mvua ya siku mbili, Jumamosi na Jumapili, na mimi, ambaye safari yangu yote ilikuwa hatua kumi na tano, niliona matope kwenye tundu la ua nikarudi kitandani. Daftari lina nafasi mbili tupu mpaka leo. Sitazijaza.

Jumatatu asubuhi niliamshwa na sauti ya jirani yangu.

"Muuguzi wa juani! Toka! Njoo uone ulichofanya!"

Nikavuka na kikwembe, kile kitenge cha kulalia. Nkambo alikuwa ameketi kwenye mkeka, mgongo ukutani, mbele yake sahani ambayo hakuigusa. Alikuwa ametapika tangu alfajiri, na siku mbili zile alikuwa hali chakula.

"Mutoto wangu," akaniambia kwa sauti ndogo, "waambie hawa. Mimi nimezoea bukari ya mihogo. Kwa nini wananipikia mahindi ya manjano?"

Nikaitazama sahani. Bukari, ugali wetu, ilikuwa ya mihogo, nyeupe kama chokaa.

"Unaona?" jirani akasema. "Tangu jana. Shuka ni ya manjano, maziwa ni ya manjano, hata ukuta. Hii njo homa ya manjano yenyewe. Nimekwisha kumwita mama mmoja aje amfanyie lavema ya mizizi, imutoe nyongo. Na wewe uniambie: vidonge vyako ulivyoanika, mama yangu alipewa vingapi? Mama yangu si ndagala!"

Majirani walikuwa wamejaa mlangoni. Yule mama wa lavema alikuwa mmoja wao, amekwisha kufika na bomba lake la kuingizia dawa kwa nyuma na chungu chake, mizizi ikielea ndani. Nilijua kwamba mzee wa umri ule, aliyetapika na hali chakula, akipigwa lavema ya mizizi, jioni tungekuwa tunatafuta mbao za sanduku.

Nikapiga magoti, nikashusha kope la chini la Nkambo. Jicho lilikuwa jeupe. Nikalishusha la pili, jeupe. Mwenye ugonjwa wa manjano, wewe ndiye unayeona umanjano ndani ya macho yake. Huyu macho yake yalikuwa safi, ila dunia yote imegeuka rangi. Nikashika mkono, nikatazama saa. Niliomba kimya, akanyamaza bila kubisha, na hilo lilinitisha kuliko yote. Arobaini na sita. Nikahesabu tena. Arobaini na sita.

"Asipewe kitu," nikasema. "Si kidonge, si lavema. Maji tu, kidogo kidogo. Ninarudi."

"Ninarudi, ninarudi," akaniiga jirani. "Wewe ambaye huendi hata sokoni!"

Nilikimbia. Sisemi kwa kujivuna, nasema kwa mshangao. Watu wa barabara ya dispansari walisimama kutazama, na mmoja akauliza kama kuna moto. Papa Tituleri alisikiliza, akachukua daftari, akasoma ukurasa mzima na zile nafasi mbili tupu. Akazigusa kwa kidole, akafunga daftari. Angenifokea, ingekuwa nafuu.

"Hii ni digoksini iliyozidi," akasema. "Moyo umepungua, chakula hataki, anaona manjano. Umeona vizuri. Lakini kidonge kimoja kwa siku hakiwezi kufanya hivi. Mimi mwenyewe ninamhesabia." Akavua miwani. "Mama, nitakuuliza mara moja, na jibu lako ninalipeleka kwa daktari wa lopitali, atibu anachokijua. Kuna kidonge chochote kilichobaki kwako kutoka kwa yale makopo? Ulimpa?"

"Hapana, Papa. Hata kimoja."

"Basi kuna mkono mwingine. Utafute. Mimi natafuta njia ya kumfikisha lopitali."

Nilirudi nikiwa nimefahamu hesabu yote. Nisipouona mkono ule mwingine, daktari angetibu gizani, Nkambo angeendelea kumeza kitu ambacho hatukijui hata akiwa kitandani lopitali, na mimi ningekuwa yule aliyemuua na vidonge vya juani, mpaka mwisho wa maisha yangu, palepale nyuma ya ua wa matete.

"Nkambo," nikamuuliza, "unakunywa dawa nyingine gani?"

"Hakuna."

"Ya mizizi?"

"Mimi ni mutu wa misheni."

"Ya sokoni? Ya jirani? Ya duka?"

"Nimesema hakuna. Masikio yako yanapiga kengele tena?" Watu wakacheka. Hata na moyo wa arobaini na sita alikuwa na nguvu ya kunichoma.

Nikamgeukia binti yake. Naye akaapa kwa mkono juu: mama hanywi kingine, dawa ni ile moja ya dispansari, anampa mwenyewe kila asubuhi. Hawakusema uongo, wote wawili. Nilikaa pale kwenye mkeka nikitazama ile bukari nyeupe na kujiuliza swali gani sijauliza. Macho yangu yakaangukia shuka ambayo Nkambo aliiona ya manjano. Ilikuwa mpya, nzuri, si ya maduka yetu. Nilijua ilikotoka, maana kwetu huhitaji kutoka nyumbani ili kujua mizigo ya jirani. Inapita mbele ya mlango wako kichwani mwa mtu. Mwana wa Nkambo alikuwa mchuuzi, anavuka na mashua kwenda Kigoma na kurudi. Mara ya mwisho alikuja kama wiki tatu nyuma.

Wiki tatu, muda mfupi kabla hesabu haijaanza kushuka.

"Nkambo," nikasema, "mwanao alipokuja kutoka Kigoma alikuletea zawadi gani?"

Uso wake ukafunguka. Mgonjwa yule aliyeshindwa kushika kikombe akanyoosha mkono kuelekea sanduku la bati. "Lete hapa. Muone kama mutoto wangu ananisahau." Binti akalifungua. Ikatoka shuka ya pili. Kikwembe. Sabuni za kipande, tatu, bado na karatasi. Sukari. Na chini kabisa, imefungwa kwa kitambaa cha kichwa, boksi ndogo ya dawa, nusu tupu.

"Na hii, Nkambo?"

"Ya nguvu. Alisema moja asubuhi, moja jioni. Sijaacha hata siku moja."

"Lakini nilikuuliza kama unakunywa dawa nyingine!"

"Dawa unapewa na munganga wa dispansari," akanijibu, kama mtu anayemfundisha mtoto mzito. "Hii nilipewa na mutoto wangu. Hii ni zawadi."

Maandishi ya boksi yalikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza changu cha shule kilitosha kusoma jina la mtu na siku ya wiki. Lakini jina la dawa, herufi zake za mwanzo zilikuwa zilezile za digoksini. Nikamwaga kidonge kimoja kiganjani, nikakiweka kando ya kile cha dispansari. Vidogo vyote viwili, vyeupe vyote viwili. Safari hii sikuvionja.

Baadaye tulipata habari kamili. Mwana yule, kwa upendo, alibeba mfuko mtupu wa dawa ya mama yake mpaka Kigoma, akauonyesha dukani, akaomba dawa ya moyo kama hiyo, ya kutosha. Akapewa. Mama alikuwa anameza vitatu kwa siku, kimoja cha serikali na viwili vya mapenzi.

Jirani yangu alilitazama boksi, akamtazama yule mama wa lavema. "Rudi na chungu chako," akamwambia. Kisha akanigeukia, akafungua mdomo, akaufunga. Nilikuwa sijawahi kuuona ukifungwa.

Papa Tituleri alifika na wanaume wawili na pusupusu, lile gari la mkono la kubebea mizigo ya bandarini. Tukatandika mkeka, tukamlaza Nkambo, na mimi nikatembea ubavuni nikishika mkono wake njia nzima mpaka lopitali kilimani, nikihesabu. Alilalamika kwamba gari linanuka samaki. Nililipokea lalamiko lile kama wimbo.

Daktari alisikiliza kifua, akaligeuza boksi mkononi, akatazama daftari langu. Alitaka kujua nani alihesabu. Papa Tituleri akaninyooshea kidole. Daktari akasema kwamba dawa zote mbili zisimame, mgonjwa abaki mbele ya macho yake, kila saa mapigo yahesabiwe. Na akaongeza kwamba lavema ingemkausha, na moyo ule usingeivumilia.

Nililala lopitali siku nne, mimi ambaye sikuwahi kulala nje ya kitanda changu. Mume wangu alileta chai, akiniuliza kama amekosea mke. Arobaini na nane. Hamsini. Hamsini na tano. Siku ya nne asubuhi, sitini na nne. Saa sita binti alileta sahani, bukari na sombe ya majani ya mihogo. Nkambo akaitazama muda mrefu. Akaikata kidogo, akaiviringa, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha kama sista anayekagua kama nguo imetakata.

"Leo mumepika mihogo," akasema, akala.

Nilitoka nje, nikasimama kwenye ukuta unaotazama ziwa, nikacheka peke yangu mpaka mlinzi akaja kuuliza nimefiwa na nani. Sijawahi kushinda kitu. Shuleni sikushinda mbio, sikushinda kuimba, hata ugomvi wa kisimani nilishindwa. Siku ile nilikuwa nimemshinda aliye mkubwa kuliko wote, kifo chenyewe, na silaha yangu ilikuwa daftari lenye nafasi mbili tupu na umbeya wa mtu asiyetoka nyumbani.

Jumatatu iliyofuata Papa Tituleri alisimama mbele ya kabati, wagonjwa wamejaa kwenye mabenchi, akatoa ufunguo mfukoni, akanipa mimi. "Fungua," akasema. Neno moja. Nikafungua, na watu wa mabenchi, ambao walijua hadithi yote na pengine zaidi kuliko mimi, wakapiga makofi. Mtu mmoja alipiga hata vigelegele, mwanaume.

Tangu siku ile, dispansari yetu iliacha kuuliza, "Unakunywa dawa nyingine?" Tuliuliza, "Nani amekuletea zawadi, na ilikuwa nini?" Watu walicheka mwanzoni, wakadhani tunataka kugawiwa. Kisha wakaanza kufungua vitambaa. Tuliona vidonge vya homa ileile kutoka kwa mashangazi watatu. Tuliona chupa ya shemeji, unga wa mkwe, na mafuta ya mtu ambaye hata mgonjwa hakumkumbuka vizuri. Papa Tituleri alitazama kila kitu kwa miwani yake, mimi nikaandika. Kilichojulikana tulikipa kazi yake, kisichojulikana kilikwenda shimoni.

Nkambo alirudi nyumbani, sasa kwa nusu kidonge kwa siku, na mimi nikarudi kwenye tundu la ua kila asubuhi, mvua au jua. Wiki moja baada ya kutoka lopitali, nilikuwa ninasafisha mchele uani nikingoja, kusema ukweli, kushukuriwa. Jirani yangu alikuwa bado hajasema kitu. Akatokea kwenye ua wa matete na beseni lake la samaki kichwani, akasimama, akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala, na bila hata kunisalimia akasema:

"Wewe ulimuponyesha moyo, sawa, aksanti. Lakini toka juzi ananitukana kuanzia jua linatoka mpaka linazama, na nguvu hizo zote njo wewe umemurudishia. Kesho mimi ninakwenda sokoni, wewe ubaki umusikilize."